Mkono Uliojaa Chenga

Ng'ombe wa tatu alikataa kufa upesi. Mchinjaji, mzee wa Kiislamu kutoka Tukuyu mjini ambaye huitwa hata kwenye misiba ya Wakristo ili nyama iliwe na watu wote, alikuwa ameshapitisha kisu sawasawa, hilo nililiona. Lakini yule fahali akainuka na shingo ikiwa wazi. Akawaburuta wanaume walioshika kamba, akamkanyaga mmoja wao mguu hadi akapiga yowe, akazunguka uwanja akipuliza damu kama mtu anayepiga chafya. Damu ilifika kwenye majani ya migomba na kwenye lenzi yangu. Nikapangusa kwa pindo la shati nikaendelea kupiga picha, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa.

Naandika haya nikiwa na wasiwasi kwamba nayaandika vibaya. Shule yangu iliishia darasa la saba, na upigaji picha nimejifunza kwa kutazama wenzangu na kwa kuharibu. Tena nilikuwa upande mmoja tu wa uwanja ule. Nitasema nilichoona, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona. Kitongoji chenyewe kiko juu ya Kyimo, jina lake naliacha.

Kazi ni hii. Huku Rungwe mkwe haji msibani mikono mitupu. Akiwa na uwezo anakuja na ng'ombe. Siku hizi familia ninazofanyia kazi hutaka kila ng'ombe apigwe picha mara mbili: kwanza akiwa amesimama na mkwe aliyemleta, halafu akiwa chini, ili baadaye asitokee mtu wa kusema fulani hakuleta, au alileta akarudi naye kwa mlango wa nyuma. Nimepiga picha hizo Kyimo, Suma, mpaka Kiwira. Wenzangu wa Mbeya wanaopiga harusi za ukumbini huniita mpiga picha wa ng'ombe. Sawa tu.

Sasa, ng'ombe humpigi kwa fleshi. Ikimwakia usoni anakata kamba, na mbele yake kuna wazee na watoto. Kwa hiyo unabaki na mwanga uliopo, na siku ile mwanga haukuwepo. Ilikuwa alasiri, lakini alasiri ya mvua huku kwetu si alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukajaa migombani, ukimwangalia mtu aliye upande wa pili wa uwanja unamjua kwa koti lake, si kwa uso. Nilifungua tundu la lenzi hadi mwisho. Kasi ya kamera sikuweza kuipunguza, maana ng'ombe anayerusha mateke ukimpiga kwa kasi ndogo anatoka kama moshi. Ikabaki ISO.

ISO ni namba inayoiambia kamera iuchukulie mwanga kidogo ilioupata kama mwanga mwingi. Juani naweka mia moja, picha inatoka safi, unaona kope za mtu. Ukiipandisha, kamera inaona penye giza, lakini haioni bure. Inapaza kilichomo pamoja na takataka zake, kama redio ya zamani ukiifungulia hadi mwisho: sauti ya mtangazaji inapanda na mikwaruzo inapanda nayo. Kwenye picha mikwaruzo hiyo tunaiita chenga. Ni vitone, vingine vyekundu, vingine vya kijani, vinapenda kukaa penye kivuli, penye nguo nyeusi, penye mikono ya watu. Halafu kamera yenyewe huzilainisha chenga hizo kabla hujaziona. Inachukua kitone hiki na kile inavipaka pamoja viwe kitu kimoja. Mara nyingi inapatia. Mara nyingine inatengeneza kitu ambacho hakikuwepo.

Siku ile niliipandisha hadi elfu kumi na mbili na mia nane. Kwa kamera yangu, ambayo ni ya mtumba, hapo ni pabaya.

Fahali huyo wa tatu aliletwa na mume wa binti wa marehemu, mwanamume wa Suma anayebeba ndizi kwa pikapu yake kuukuu. Nitamwita shemeji, kama walivyomwita pale. Watoto wa kiume wa marehemu waliosimamia shughuli walikuwa wawili. Mkubwa alikuwa mtu wa maneno machache. Mdogo alikuwa kijana mwenye mdomo, na sipendi kumsema vibaya, kwa sababu baba yake alikuwa ndani kwenye jeneza na yeye alikuwa amekunywa tangu asubuhi.

Tangu fahali anashushwa kwenye pikapu, mdogo alikuwa akimpapasa mbavu. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanawake, "Shemeji, huyu umemleta msibani, au ulikuwa unampeleka hospitali ukapotea njia?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka nyuma ya kamera. Shemeji alishika kamba akasimama nimpige picha yake, na mle kwenye picha ametazama chini.

Ndipo fahali akachinjwa akainuka, kama nilivyosema. Mdogo alikuwa mmoja wa walioburutwa. Alipita na tumbo kwenye matope, uso ukagonga gogo, akaamka na mdomo umepasuka. Mnyama alipolala mara ya mwisho, watu wanahema, shemeji akasema taratibu kabisa, "Mgonjwa wangu amewaburuta wazima wote."

Kicheko kikamgeukia mdogo. Akavuka uwanja akampiga shemeji kofi lililosikika hadi kaburini walikokuwa wakichimba. Shemeji akajibu kwa ngumi. Hapo naweza kuapa, kwa sababu nilikuwa karibu: kofi lilitangulia, ngumi ikafuata. Baada ya hapo siwezi kuapia chochote. Jamaa waliokuja na shemeji kutoka Suma waliingia, vijana wa kitongoji wakaingia. Na pale chini kulikuwa na vifaa vyote vya kuchunia ng'ombe: visu, mapanga, shoka la kupasulia mifupa. Kila aliyeinama aliinuka na kitu. Nilimwona mtu akipigwa kwa pembe ya ng'ombe wa kwanza, pembe na kipande cha fuvu, akatema meno. Nilimwona mwingine amekaa juu ya kifua cha mwenzake anamlisha matope. Wanawake walikuwa wanamlilia marehemu. Kilio kikabadilika kikawa cha woga, unasikia tofauti yake mara moja.

Mimi nilikuwa nabofya. Sijui kwa nini. Kidole kilikuwa kwenye kitufe tangu fahali anainuka, hakikutoka.

Mdogo aligeuka ghafla akiwa amejishika pale shingo inapokutana na bega. Alikuwa na sura ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Alipoutoa mkono, nyama ilikuwa imefunguka, nyeupe kwanza, halafu ikajaa damu. Akapiga magoti kwenye damu ya ng'ombe, damu yake ikachanganyika nayo.

Muuguzi wa zahanati, mama aliyehamishiwa huku kutoka Kagera, alikuwa amekaa na wafiwa. Alikuja mbio akifungua kitenge chake cha juu, akakikunja, akakibana kwenye jeraha kwa magoti yake mawili huku akifoka aletewe kingine. Ugomvi ukasimama. Mkubwa akauliza nani amefanya. Wengi walikuwa wameshadondosha walivyoshika, ukitazama chini kulikuwa na mapanga manne matano yanang'aa kwa damu, na yote yalikuwa na haki ya kuwa na damu.

Ndipo sauti moja ikasema, "Bwana picha alikuwa anapiga."

Mkubwa alinijia. Ukanda wa kamera ulikuwa shingoni, aliivuta kamera na mimi nikavutwa nayo, ukanda ukanikaba hadi nikaona giza. Simlaumu. Mdogo wake alikuwa anakoroma pale chini. Mwingine akakata ukanda kwa kisu, kamera ikapita mikononi mwao, na kwa kuwa vijana wote siku hizi wanajua simu, walijua pa kubonyeza.

Kioo cha nyuma ya kamera ni kidogo, na picha yenye chenga ukiiona kwenye kioo kidogo inaonekana safi. Hili watu hawalijui. Mimi mwenyewe hudanganyika, narudi dukani, naiweka kwenye kompyuta, nashika kichwa. Basi waliona picha safi: shemeji amesimama kando ya mdogo, mkono umeinuliwa, na mkononi kuna kitu kirefu, cheupe cheupe. Wakaivuta iwe kubwa. Ukivuta picha ya ISO kubwa hupati zaidi ya kilichokuwepo, unapata chenga kubwa zaidi. Kitu kile kikawa kama kimeyeyuka, kina ukingo upande mmoja, upande wa pili kimekula vidole.

"Panga hilo," mmoja akasema.

Nilisogea. Niliwaambia kwamba hapo ni chenga, kamera imezilainisha, kitu hicho kinaweza kuwa kamba ya ng'ombe, maana yeye ndiye aliyekuwa na kamba, au kinaweza kuwa uti wa jani la mgomba kwa nyuma. Nilikuwa nazungumza haraka, sauti haitoki vizuri kwa sababu ya kukabwa na ule ukanda.

"Chenga zinakata watu?" akaniuliza kijana mmoja aliyebeba pande la nyama begani, na wengine wakaguna.

Na kwa kuwa nilikuwa naogopa kusema nusu, nikaongeza, "Inaweza pia kuwa panga. Kwa picha hii haiwezekani kujua."

Walichosikia ni neno moja. Sikumaliza hata kufunga mdomo.

Walimwangusha shemeji kwa teke la nyuma ya goti. Waliotoka kuchimba kaburi walikuwa na machepeo. Nilisikia mpini ukipiga mgongo, mlio wake ni kama wa kupiga godoro, halafu ukapiga mfupa, mlio mwingine. Shemeji hakupiga kelele mwanzoni. Alikuwa akisema kitu kwa Kinyakyusa, "Nkamu, nkamu," ndugu yangu, ndugu yangu, na sikujua anamwambia nani, kwa sababu aliyekuwa juu yake hakuwa ndugu yake. Mkewe, dada wa hao vijana, alijilaza juu ya mumewe. Mkubwa akamshika nywele akamtoa, dada akarudi tena, akatolewa tena na kipande cha nywele kikabaki kwenye vidole vya kaka yake. Mtu alimpiga shemeji kwa ncha ya chepeo usoni. Jicho la kushoto lilitoka maji, si damu. Mwingine akaitisha petroli kwenye pikipiki, na kweli nilimwona mtu amelala chini ya pikipiki anachomoa mpira wa mafuta.

Nilijaribu kumshika huyo wa mpira. Alinisukuma kwa kisigino tu, nikaanguka. Siwezi kusema nilipigana. Mchinjaji, yule mzee, alikuwa amesimama juu ya visu vyake akiwaambia wamwogope Mungu, na hakuna aliyemsikiliza, lakini naandika kwamba alisema.

Aliyewazuia ni muuguzi, na hakuwaomba. Hakutoka hata pale alipokuwa amepiga magoti juu ya kitenge. Alisema kwa sauti kavu ya wodini, "Huyu anahitaji hospitali sasa hivi. Gari ni la nani hapa?"

Gari lilikuwa moja. Pikipiki hazimbebi mtu ambaye ukiachia jeraha lake anaisha.

"La huyo," akajibu mtu.

"Basi liwasheni."

Mmoja alipekua mfuko wa shemeji akatoa ufunguo, akakimbilia pikapu. Likakohoa likanyamaza. Akajaribu mwingine, dereva wa kweli wa malori ya makaa ya Kiwira. Likanyamaza. Pikapu ile ilikuwa na ugonjwa wake. Kuna waya chini ya usukani na namna ya kukanyaga ambayo mwenyewe tu aliijua.

Muuguzi akasema, "Mkimmaliza huyo, mnazika watatu. Chagueni."

Nilimtazama mkubwa. Alikuwa na chepeo mkononi na kifua kinapanda. Sijawahi kuona mtu akichukia kama alivyochukia dakika ile, lakini alichokichukia sikijui. Akalitupa chepeo, akamwinua shemeji kwa makwapa, akambeba hadi kwenye usukani, akamweka kama anavyowekwa mtoto.

"Endesha," akasema.

Shemeji aliwasha gari. Sikuona alivyofanya, niliona mgongo wake umeinama na bega linatetemeka. Likawaka.

Walitupakia nyuma: mdogo, muuguzi juu yake, mkubwa, vijana wawili na mimi, kwa kuwa walisema shahidi asipotee. Fahali alikuwa ameshushwa mle asubuhi, tulikaa kwenye mavi yake. Barabara ya kutoka kule ni utelezi mtupu mpaka uikute lami. Shemeji aliendesha kwa jicho moja, la pili likiwa limevimba kama embe, na kila penye kona mkubwa aliyekuwa nyuma alimwelekeza kwa kupiga paa la gari: mara moja kushoto, mara mbili kulia. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Mtu aliyetaka kuua na mtu aliyekuwa auawe wakaendesha gari moja mpaka hospitali. Alipozima injini alianguka juu ya usukani, honi ikalia hadi wahudumu wakaja kumtoa. Askari alimkuta kitandani, akafungwa pingu kwenye chuma cha kitanda.

Sasa yote yakarudi kwenye ule mkono wa shemeji pichani. Kama ni panga, anakwenda jela miaka, na wapo waliosema hata jela hafiki. Kama ni kamba, ni mtu aliyepigwa bure.

Afande aliyeshika suala hilo alikuwa kijana kutoka Singida, mpole, hakunifokea hata mara moja. Alikuja dukani kwangu akakaa tukatazama pamoja. Kamera yangu huhifadhi kila picha mara mbili: moja mbichi kama ilivyopokelewa, nyingine ambayo imeshailainisha. Nilimwonyesha zote. Ile mbichi, pale mkononi, ilikuwa kundi la vitone tu, kama mchanga uliomwagwa.

"Isafishe basi," akasema.

Nikasafisha kidogo mbele yake. Vitone vikashikana vikawa kitu chembamba kilichopinda, ukiambiwa kamba unakubali. Akaniambia niongeze. Nikaongeza. Kikanyooka, kikapata ukingo, kikang'aa. Ukiambiwa panga unakubali zaidi. Niliongeza tena bila kuambiwa, kikazidi kuwa panga, na nilijua ni mimi na kompyuta tunaolifua.

"Wewe uliyepiga unasemaje?"

"Sijui, afande."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikuwa naangalia kwa kitundu cha kamera. Sijui."

Nilimpa zote, mbichi na iliyosafishwa, nikamweleza ipi ni ipi. Mkubwa alipopata habari alikuja akasimama mlangoni akaniambia nimehongwa na watu wa Suma. Mke wa shemeji naye alikuja siku nyingine, akalia, akasema neno moja tu kutoka kwangu lingemtoa mumewe, na mimi nakaa na neno langu mdomoni. Wote wawili niliwajibu lile lile. Usiku nilikuwa nafikiri kwamba labda mtu mwenye akili kuliko mimi angejua la kusema. Labda kusema sijui ni uoga uliovaa shati safi. Mpaka leo sijaamua.

Aliyemwokoa shemeji ni mdogo. Alipopata fahamu na nguvu ya kuzungumza, mkono wake wa kulia ukiwa hauinuki tena kupita bega, alisema hakuona aliyemkata. Alisema pigo lilitoka upande ambao hakuwa akiutazama. Angeweza kumtaja shemeji na kila mtu angeridhika. Hakumtaja. Nilisema mwanzoni kwamba alikuwa na mdomo, basi na hili liandikwe. Shemeji akafunguliwa pingu. Jicho la kushoto halikurudi.

Alikuja dukani na mkewe, akaomba kuiona ile picha. Nilimkalisha kwenye stuli wanayokaa watu wa paspoti, nikamwekea kwenye kompyuta, kwanza iliyolainishwa, halafu mbichi. Aligeuza kichwa chote ili jicho lililobaki lifike. Mkewe alitazama barabarani.

"Ni wewe uliyesema inaweza kuwa panga," akasema.

"Ni mimi."

"Ulikuwa umeshasema kamba. Ungenyamaza hapo."

"Ningeweza."

Nikamuuliza, kaka, ulishika nini? Nilijua sina haki ya kuuliza.

"Nikikuambia utaona tofauti hapo?" Akaonyesha kioo kwa kidevu.

Nilitazama. Nilijaribu kwa haki kabisa. Niliona kamba, halafu panga, halafu mchanga.

"Hapana," nikasema.

"Basi."

Aliniambia niifute nakala yangu. Nilifuta ile iliyolainishwa akiona. Mbichi sikuifuta, na nikamwambia sikuifuta, kwa sababu ndiyo picha pekee ya siku ile ambayo haimsingizii mtu. Alisogea akaitazama tena ile mbichi, karibu sana, akapitisha kidole pale mkono wake ulipokuwa umejaa vitone. Kisha akainuka, akaaga vizuri, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akageuka kutoka, akagonga uso kwenye nguzo ya mlango upande asioona. Damu ikamtoka puani. Mkewe akamfuta kwa kiganja, akahamia upande wake wa kushoto, wakavuka barabara.